Kazi Naifanya Mimi, Jina ni la Kidawa

Bi Ummy mpendwa,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, kwa sababu jambo langu ni la kompyuta na najua wengi wanaokuandikia wana mambo ya waume na mawifi, lakini usingizi ninaoukosa mimi ni uleule wanaoukosa wao. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minane, nakaa Mpendae kwa wazazi wangu, nafundisha kompyuta, na nina rafiki ambaye nitamwita Kidawa ingawa si jina lake, niliyesoma naye skuli moja na kulala naye kitanda kimoja siku za mitihani. Miaka minne iliyopita mimi na yeye tulianza kutengeneza programu ya kukokotoa saa za maji kujaa na kupwa katika pwani zetu za Unguja, ili kila mwezi itoke karatasi moja ya kubandikwa dukani na wanawake wanaolima mwani wajue siku za bamvua, maji yanapopwa mbali, washuke pwani saa ngapi. Programu yetu ni huria, maana yake haiuzwi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuichukua na kuitengeneza, na kweli watu wakajitokeza, mmoja yuko Pemba, wawili Dar es Salaam, mmoja Mombasa hata sura simjui, na Bwana Samir wa hapa mjini ndiye tuliyemkubali awe mratibu.

Kazi yote inakaa katika ghala moja kwenye mtandao. Mna shina, ndiyo programu yenyewe inayotumika, na mtu akitaka kujaribu jambo jipya anafungua tawi lake, anafanya humo bila ya kuharibu la watu, na likiwa sawa ndiyo linaunganishwa na shina. Mimi ndiye niliyepewa kulinda shina na kuangalia matawi, lipi liunganishwe na lipi lifungwe, na kazi hii naifanya vizuri sana kwa matawi ya wengine.

Kidawa aliolewa kijiji cha Matemwe, na huko ndiko alikoliona kosa letu. Karatasi yetu ilitoa saa maji yanapokuwa chini kabisa, kumbe wanawake wa kule hawangoji saa hiyo, wanashuka mapema maji yakiwa magotini, kwa sababu wakisubiri yapwe kabisa yatawarudia kazi haijafika nusu, na tena kila shamba lina mahali pake, lililo karibu na mwamba si sawa na lililo karibu na ufukwe. Akakaa na mkwewe na majirani akawauliza, akafungua tawi lake ili programu ijue shamba liko wapi na itoe saa ya kushuka na saa ya kupanda kurudi ufukweni. Siku moja akaniambia, "Usiliunganishe mpaka nikwambie mwenyewe, maana bado nnawauliza," na mimi nikamwahidi.

Mwaka jana akaja mjini kwa mama yake, mtaa wa Amani, kungoja kujifungua, na siku zilezile umeme ukakatika kisiwa kizima karibu mwezi, tukawa tunagombania kompyuta moja kwa jenereta ya mjomba wake, Kidawa akanipa neno lake la siri ili nimwandikie kazi yake yeye akiwa amejilaza. Halafu akajifungua salama. Wewe unajua kwetu, mzazi hasumbuliwi kwa kazi, nikenda siku ya arubaini nikakaa mkekani na wenzangu, tukasoma dua, tukala, sikutaja kompyuta hata kidogo, na yeye akarudi Matemwe. Nikasema nitamwachia mwezi apumue, mwezi ukawa miwili, ikawa mitatu, na kila nikitaka kumpigia simu naona kama nakwenda kumdai, naiweka chini.

Sasa nafika kwenye lenyewe. Shina lilikuwa linakwenda mbele kila wiki na tawi lake limesimama, na tuna kanuni kwamba tawi lisiloguswa kwa miezi mitatu linafungwa, na kanuni hiyo niliiandika mimi. Basi Ijumaa moja baada ya sala nikaingia kwa jina lake na neno lake la siri, nikayachukua mabadiliko ya shina nikayatia kwenye tawi lake ili lionekane hai. Nilisema ni mara moja tu. Ikawa kila Ijumaa, natengeneza hiki na kile, na jina linalotokea ni lake, na sitakuficha Bi Ummy, nilikuwa nafurahi, kwa nusu saa ile nilijiona kama nimekaa naye, najua yeye angeandika vipi, hata mzaha wake nauandika kwenye maelezo. Ghala likibadilika chochote linatuma barua pepe kwa wanachama wote, kwa hivyo kikundi kizima kikaamini kwamba Kidawa anachapa kazi na mtoto mapajani.

Sasa Bwana Samir anataka kutoa toleo jipya kabla ya Ramadhani. Amemwandikia Kidawa mara nyingi kumuuliza tawi lake liko tayari au vipi, hajibiwi, na juzi mmoja wetu akaandika mbele ya wote kwamba huyu bibi anaringa, kila Ijumaa yumo kazini lakini kuwajibu wenziwe salamu hataki, na mwengine akamuunga mkono, na mimi nikanyamaza. Kidawa huyu ambaye hajapata kumringia mtu maisha yake. Samir ameniambia nichague kabla ya mwezi kwisha, ama niliunganishe tawi ama nilifunge.

Nikiliunganisha nimevunja ahadi, na tena halijakamilika, saa za mashamba ya mwambani alishazimaliza lakini za ufukweni bado si sahihi, mtu atashuka baharini kwa saa ya uongo. Nikilifunga naona kama nimemfungia mlango rafiki yangu. Nikisema ukweli watanivua ulinzi wa shina, na hilo nitalivumilia, lakini Kidawa akijua kwamba nimevaa jina lake miezi yote hii naogopa hatanitazama tena, na ni yeye ninayeogopa kumkosa, si kazi wala cheo. Nifanye nini?

Mlinzi wa Shina,
Mpendae

*

BI UMMY ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Sikukucheka, ila ilinibidi nimwite Bwana Msabah, anayetupangia kurasa za gazeti kwenye kompyuta, anieleze shina ni nini na tawi ni nini, naye akanieleza mpaka chai yake ikapoa. Nimeelewa kiasi cha kutosha kukugombeza.

Lakini kwanza pole. Kumtunzia mtu nafasi yake hali hayupo ni mapenzi, na asije mtu akakwambia vyengine. Barua yako imenigusa, khasa hapo uliposema unauandika hata mzaha wake. Si kila mtu ana rafiki anayemjua namna hiyo.

Kosa ni kuwa mapenzi yako yameanza kumdhuru unayempenda. Ulitaka tawi lionekane hai, umefanikiwa, na kwa uhai huo wa kubandika watu wanamwita mringaji. Ungeliacha lilale, wangesema maskini ana mtoto mchanga, Mungu amkuzie. Wewe umemkosesha hata huruma yao. Halafu ulipowasikia wanamsema, na wewe peke yako ndiye unayejua ukweli, ukanyamaza. Hapo bibi wee nilikasirika, niliiweka barua yako pembeni nikashughulika na ya mtu mwengine.

Sasa nikuulize. Umesema ghala likibadilika barua inatumwa kwa wanachama wote. Kidawa si mwanachama? Nilipomuuliza Bwana Msabah akaniambia labda hafungui barua zake, mtandao wa huko Matemwe si wa kutegemea. Labda. Lakini mtu aliyeianzisha kazi kwa mikono yake, katika miezi yote hiyo asichungulie hata siku moja? Mimi naamini ameshaona. Ameona jina lake linafanya kazi ambayo yeye hakuifanya, na anajua ni nani mwengine mwenye neno lake la siri. Naye amenyamaza. Kwa nini, siwezi kukuapia. Huenda anaona haya kwamba unambebea mzigo wake. Huenda amejiambia, ikiwa kazi yangu inakwenda bila ya mimi, basi mimi wa nini? Hilo la pili ndilo linaloniuma, na ndilo la kukimbilia. Mmekaa nyinyi wawili kila mmoja anamstahi mwenziwe, na kustahiana huko kumewatenga kuliko ugomvi.

Mimi nashona kofia tangu usichana wangu. Kofia moja hupita mikono ya wanawake wawili watatu, huyu anachora, huyu anashona duara la juu, yule anashona ukuta wake. Mwenzetu akijifungua na duara lake halijaisha, tulikuwa tunaingoja arubaini ipite, tunamwendea na kitambaa chenyewe mkononi, tunamuuliza: "Utamaliza mwenyewe, au nimpe mwengine?" Wengine walikipokea, wengine walisema chukueni, mgongo unaniuma, na sikumbuki aliyenuna. Anayenuna ni yule anayekuta kitambaa chake kimeshashonwa na hakuulizwa. Ile arubaini ina mwisho, mwanangu. Wewe umemweka mwenzako arubaini mpaka leo.

Basi sikiliza. Usimpigie simu na usimwandikie. Jumamosi hii nenda Matemwe, ufike wanawake wakiwa wamesharudi kutoka pwani, na usiende mikono mitupu. Mkiwa peke yenu mwambie kwa mdomo wako: "Nimetumia jina lako. Nilitaka kukulindia nafasi yako, na nilikosea kwa kutokuuliza. Nisamehe." Ishia hapo. Maelezo yakiwa mengi yanageuka utetezi. Akikasirika mwache akasirike, ni haki yake, usilie ili yeye ndiye akubembeleze. Halafu mwambie abadilishe neno lake la siri, na wewe utazame pembeni anapoliandika.

Baada ya hapo muulize la kazi, wazi, kama tulivyokuwa tukiuliza sisi. Akitaka kumaliza mwenyewe, apewe muda, na Samir atoe toleo lake bila ya tawi hilo. Ramadhani itaingia vilevile. Akitaka umalizie wewe, fanya kwa jina lako na lake litangulie, na zile saa mkazihakikishe kwa mkwewe kabla haijatoka karatasi yoyote. Akisema liachwe, lifunge bila ya machozi. Bwana Msabah ananiambia ghala la namna hiyo halisahau kitu, tawi lililofungwa leo linaweza kufunguliwa tena baada ya miaka, kwa hivyo muda wote huu ulikuwa unamlilia asiyekufa. Lakini kuliunganisha kama lilivyo, hapana. Mwanamke akishuka kwa saa mbovu akakuta maji ya kifua, hatamlaumu Kidawa wala wewe, ataichana karatasi, na hataiamini nyengine.

Ukirudi mjini, usilale kabla hujawaandikia kikundi. Sema kazi ya kila Ijumaa ilikuwa yako, sema Kidawa hakumringia mtu, na aliyemsema ajue amemsema asiyehusika. Wakikuvua ulinzi, uvuliwe. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeshafika. Wakikuacha nao, ibadilishe ile kanuni yako ya miezi mitatu: tawi lisifungwe mpaka mwenyewe aulizwe, na aulizwe na mtu, si na mashine. Na jengine, nimelipata kwa Bwana Msabah lakini nalitia sahihi mimi. Msiache tawi likae mbali na shina mwaka mzima likisubiri kukamilika lote. Kila kipande kilichokwisha na kuhakikishwa kiunganishwe mapema. Mngefanya hivyo, zile saa za mashamba ya mwambani ambazo Kidawa alishazimaliza zingekuwa zinawasaidia wenziwe leo, na jina lake lingekuwemo kwenye shina bila ya mtu kulishikilia.

La mwisho, na hili ndilo lililonifanya niichague barua yako kati ya nyingi. Nimeisoma kwa makini. Umenieleza tawi lilivyo, lilisimama lini, lina saa zipi mbovu, nani anataka uamue. Mtoto wa Kidawa hukuniambia hata kama ni wa kike au wa kiume, na siku hizi huenda anasimama dede. Ukifika Matemwe mbebe huyo kwanza, umuulize mama yake analala vipi na anakula nini, na kompyuta isitajwe mpaka mtoto akuzoee.