Mirunda ya Baraza la Mama

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Leo nimeivua mirunda ya Mama. Siku ya tisa tangu tumwage zege. Naandika humu kwenye daftari la vipimo kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia, na nikikaa na jambo hili kichwani nitamfokea mke wangu Tatu bila kosa.

Siku ya tisa! Mimi huyu huyu ninayewafokea mafundi wenzangu: zege la juu ni siku ishirini na moja, usiguse mrunda hata mmoja. Miaka kumi na sita sasa kazi yangu ni hiyo. Napiga mbao za kumwagia zege, nasimamisha mirunda, miti ya kuzibeba, nasubiri, nafumua. Kusubiri ndiko kazi yenyewe. Mengine yote mtu yeyote mwenye nyundo anaweza.

Ila Jumamosi tunamwaga slabu ya Mzee Jonathan hapa Kilole. Mashine ya kuchanganyia imeshapatikana, vibarua wameshaitwa, na nimepungukiwa mirunda thelathini. Thelathini hiyo iko wapi? Handeni, chini ya zege la paa la baraza la mama mkwe wangu. Na Fuso lilikuwa linarudi Korogwe tupu. Shetani siku hizi hana pembe, anapanda Fuso.

Ernesti alisema tubakize hata mitano ya katikati. Ernesti ni mwashi wangu, mtu wa Kwashemshi, maneno yake machache. Nikaligonga zege kwa nyundo, nikamwambia, unasikia mlio huo? Mkavu! Tukapakia yote.

Mama alikuwa ng'ambo ya ua, kanga kichwani, hakusogea. Mkwe haulizwi. Akamtuma Hafsa, mdogo wake Tatu, atuletee chai na mihogo. Laiti angeuliza!

Jumapili, 10 Agosti

Slabu ya Mzee Jonathan imemwagwa jana, imenyooka kama meza. Amenisifu mbele ya watu. Nikafurahi. Nimelala vizuri, sijui ni kwa nini nimeandika hilo.

Jumamosi, 16 Agosti

Handeni, kwa mazungumzo ya arusi ya Hafsa. Imepangwa tarehe sita Septemba, palepale nyumbani.

Nimekuta Mama ametandika mkeka chini ya zege, anasuka ukili. Hafsa anasema ndipo anaposhinda siku hizi, asubuhi mpaka alasiri. Nikamwamkia kutoka mbali, shikamoo Mama, marahaba baba, macho yangu chini na yake chini kama inavyotakiwa. Halafu akamwambia Hafsa kwa sauti ya kunifikia: mwambie mkwe wangu baraza lina ubaridi mzuri.

Alipoondoka kuswali adhuhuri nikaingia kutazama juu.

Ufa. Katikati kabisa, mwembamba kama uzi wa kushonea, urefu wa mkono wangu. Nilisimama pale mdomo wazi kama mgeni. Nikautomasa kwa kidole. Halafu nikafanya jambo ambalo ningemfukuza fundi kazi kwa kulifanya: nikakoroga saruji kidogo kwenye kopo, nikaupaka. Hafsa akauliza, shemeji unafanya nini? Nikasema namalizia kazi.

Mama wa watu alilitaka zege ili aanike mahindi juu yake, mbuzi wa jirani wasimfikie. Alilitaka miaka saba. Saruji mifuko ameinunua mmoja mmoja. Na maji! Handeni maji hayachezewi, lakini zile siku tisa yeye na Hafsa walipanda ngazi na madumu kila asubuhi kulimwagilia, kwa sababu mimi niliwaambia zege likikosa maji halikomai.

Na wangeendelea. Mimi ndiye sikuendelea.

Jumatano, 20 Agosti

Jana ndiyo ilikuwa siku ya ishirini na moja. Basi.

Jumatatu, 25 Agosti

Tatu kaongea na mama yake simuni, kaweka sauti ya nje huku anapepeta mchele. Arusi, vitenge, nani kaalikwa na nani kanuna. Halafu Mama akasema mahindi ameshayapandisha juu. Gunia kumi na mbili.

Kumi na mbili! Nikaruka. Nikamwambia Tatu, mwambie ayateremshe, leo hii. Tatu akauliza kwa nini. Nikasema... sijui hata nilisema nini. Eti unga wa mahindi unakula saruji. Tatu akacheka, akasema tangu lini? Lakini akamwambia mama yake. Halafu Mama: mkwe amesema, basi.

Akina mama wa pale wameyateremsha yote mchana huu, na jua lile. Hakuna aliyenibishia. Afadhali wangenitukana.

Alhamisi, 28 Agosti

Hafsa kanitumia picha. Ufa umetokeza tena kwenye saruji niliyopaka, na umerefuka, unakaribia boriti. "Shemeji hii nini?" Nikamjibu ni rangi ya saruji, inakauka vibaya. Akaweka alama ya kicheko.

Mwongo mkubwa mimi.

Jumapili, 31 Agosti

Nimemweleza Ernesti. Nilimfuata akitoka kanisani, bado amevaa koti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nyundo haijui tarehe. Hilo tu kwanza. Nikataka kukasirika nikakosa pa kukasirikia.

Halafu akasema mambo mawili. Rudisha mirunda. Na umwambie mama mwenyewe wa nyumba, kwa sababu mirunda bila maneno watu wataining'inizia nguo. Nikamwambia wewe huelewi, kwetu mtu hasimami mbele ya mama mkwe wake akaanza kujieleza, lazima apite kwa mtu. Akasema basi pita kwa mtu, lakini pita wiki hii.

Mtu ni Salimu, kaka yake Tatu, yuko Hale. Nikaenda jioni hiyo hiyo. Nikamweleza: shemeji, lile zege la Mama si zima. Akaangua kicheko! Akasema nilijua tu, Msambaa na zege wapi na wapi, nyie mmezoea kujenga kwa migomba. Nikasema Salimu, sitanii. Akasema hata mimi sitanii, utalipa mbuzi wawili. Ndivyo tulivyoishi miaka kumi na nne, kila neno utani. Leo nina neno zito na sina pa kulipitishia. Nikala ugali wake nikarudi.

Alhamisi, 4 Septemba

Slabu ya Mzee Jonathan ilifikisha siku zake Jumamosi. Huyo nilimsubiria siku zote ishirini na moja, tena nikaongeza. Mirunda iko huru.

Nimepata pikapu ndogo, imebeba kumi na miwili tu. Nimefika Handeni alasiri. Nyumba imejaa watu wa arusi, masufuria, kuni, mashangazi. Nikaanza kusimamisha mirunda chini ya zege bila kumwamkia mtu vizuri. Ubao chini, mrunda juu yake, kabari mbili. Kabari nimezichomeka kwa kidole gumba, bila nyundo, zicheze kidogo. Zege lililokwisha kuinama halibinuliwi, unaliwekea tu mkono chini.

Hafsa akaja mbio. Mama anauliza, arusi na mirunda? Watu watasema nini?

Nikamwambia mwambie nitamjibu mwenyewe. Mashangazi wakatazamana.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimesema.

Nilingoja watu wa kiume waende kuswali Ijumaa. Mimi sikwenda, Mungu anisamehe na hilo. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, katikati ya mirunda yangu. Nikachuchumaa pembeni ya ua, uso wangu kwenye mabati ya choo, nikaongea na mabati. Mama, nilikosa. Mirunda niliitoa siku ya tisa, ilitakiwa ishirini na moja. Niliipeleka kwenye kazi ya mtu mwingine. Zege limepasuka, nikapaka saruji usione. Mahindi hayali saruji, Mama, ule ulikuwa uongo.

Nikasikia ukili ukisukwa.

Akasema, "Niliona, mwanangu."

Nikageuka. Sikupaswa, nikageuka.

"Ulimwambia Hafsa ishirini na moja. Mimi sikusoma, lakini kuhesabu najua. Ile asubuhi ya kumi tumepanda na madumu, nachungulia chini, kweupe. Hakuna hata kijiti."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Mkwe anaulizwa?"

Nikamuuliza, sasa kwa nini anakaa hapa kila siku, na ufa anauona?

Akaendelea kusuka. Akasema, "Nikihama, jirani atauliza mbona umehama. Nitamwambia nini? Zege la mume wa Tatu naliogopa? Wajukuu nimewakataza, nimewaambia kuna siafu. Mimi mzee, nakaa."

Nimelia. Nayaandika haya na mtu mzima nimelia nikielekea mabati ya choo. Wiki tatu huyu mama amekaa chini ya makosa yangu ili jina langu lisichafuke, na mimi huko Kilole nasifiwa mbele ya watu. Nilidhani namstahi kwa kutosema. Kumbe naye ananistahi kwa kutouliza, na katikati ya heshima zetu zege linapasuka.

Nikamwomba ahame. Kesho wanawake wakae upande wa nyuma. Akakataa. Alisema bibi arusi anatolewa barazani mbele ya mama yake, na baraza lake ni hili. Mirunda ibaki, hiyo kanikubalia. Wasichana wameizungushia kanga, mrunda mmoja mmoja, wakazipiga vifundo vizuri. Imependeza! Shangazi mmoja kanisifu kwa ubunifu.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa mbili asubuhi. Nimeamka nimekuta tenki juu ya zege. La lita elfu moja, limejaa. Salimu. Alifika jana jioni nikiwa nimetumwa gengeni, nisirudi mpaka usiku, akaona maji ya wapishi hayana mkandamizo, akasema si tuna slabu ya fundi bwana! Wakalivuta juu kwa kamba vijana sita, wakalijaza kutoka kwenye boza, lori la maji. Nimemshika shati. Kwanza akacheka. Halafu akanitazama vizuri, kicheko kikakatika. Ndipo aliponiuliza: kumbe siku ile Hale ulikuwa unasema kweli?

Nimemwambia alifungue, limwagike lote. Bomba lake dogo, linatoa maji kwa kusuasua. Kulishusha limejaa haiwezekani. Kulipindua hapohapo ni kuligonga zege. Linamwagika. Tunangoja.

Saa mbili na nusu. Nimekagua kabari mrunda kwa mrunda, naandika ili nisichanganye. Ya kwanza inacheza. Ya pili inacheza. Ya tatu nimeivuta kwa mkono, haitoki. Nimeivuta kwa koleo, haitoki. Maana yake zege limeshuka, limekalia mrunda.

Wanawake wameanza kuingia. Wanakwenda moja kwa moja barazani, kwa sababu ndipo alipo mama wa bibi arusi, wanampa mkono, wanakaa. Mama yuko katikati yao, kanga mpya, mgongo umeegemea mrunda wa sita. Nimemtuma Tatu amwambie mama yake atoke pale. Nimemweleza Tatu kila kitu kwa dakika moja, nyuma ya jiko. Alinitazama tu akaenda. Hilo nitakuja kulilipia nyumbani, na ni haki yake.

Saa tatu kasoro. Tenki limefika nusu. Ya nne imekaza. Ya tano imekaza. Ubao ulio chini ya mrunda wa sita umepasuka, sakafu yenyewe bado udongo. Wanawake wanafika arobaini na ngoma imeingia. Wanaimba, wanapiga miguu.

Tatu amerudi. Anasema kamnong'oneza mama yake mara tatu. Anasema Mama amemjibu: nikinyanyuka sasa hivi na wewe ndiye uliyeniambia, watu watasema mimi Mwanaisha nimekimbia nyumba niliyojengewa na mkwe wangu, na maneno hayo hayatafutika. Mimi sitayaanzisha. Mkwe akitaka ninyanyuke aje aseme yeye, kwa mdomo wake, wasikie wote. Hapo nitanyanyuka, na hawa nitanyanyuka nao.

Nikamwuliza Tatu, kasema hivyo hivyo? Kasema hivyo hivyo. Halafu Tatu akaongeza la kwake: unangoja nini?

Kutoka hapa jikoni mpaka pale ni hatua kama ishirini. Nawajua karibu wote. Watatu nimewafungia lenta, mikanda ya zege ya nyumba zao, na mume wa mmoja anataka nimwanzie ghorofa baada ya mavuno. Hakuna mwanamume aliyeingia pale leo, na mkeka wa mama mkwe haukanyagwi na mkwe. Nitaanza na nini? Shikamooni akina mama. Halafu? Jina langu wanalijua.

Ya saba imekaza.

Navua viatu.