Birika la Mzee Salumu

Kamina, kiangazi

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe na Mama, kutoka kwa mtoto wenu ambaye angali mzima, anakula, na viatu vyake bado viko miguuni. Kifua chako kinaendeleaje? Baridi ya Tukuyu ya miezi hii naijua, na wewe nakujua: utakuwa umekataa lile koti zito ukisema ni la wagonjwa. Livae, tafadhali. Mama mwambie barua yake ilifika. Ilipita Tunduma na Lubumbashi mifukoni mwa watu nisiowajua, ikafika imechakaa, nami nikaisoma mpaka ikazidi kuchakaa.

Mnauliza habari za vita. Mjini kwenyewe haijaingia, ila tunaisikia kwa ndege zinazotua Base, uwanja wa jeshi, usiku na mchana, na kwa chumvi inayoadimika sokoni. Treni inakuja ikijisikia. Tunakula bukari, ndiyo ugali wa huku, na samaki wakavu wa Lualaba wakipatikana. Katika shule ya wainjilisti ninayofundisha, karibu kila mwanafunzi ana ndugu aliyekimbia Malemba-Nkulu. Huko wanapigana na jeshi vijana wanaonyunyiziwa maji ya dawa, wakiamini risasi haitawaingia. Yakumbuke maji hayo, Baba, maana ndiyo yaliyotuletea balaa.

Mzee Salumu nimekuandikia habari zake mpaka nadhani umechoka. Ni muuza vitambaa, babu zake walikuja na misafara ya biashara kutoka Maniema, na ndiye anayewasalisha Waislamu wa hapa. Kila Alhamisi nakwenda dukani kwake na Kurani yangu na maswali yangu, tunabishana, yeye kwa Kiswahili cha huku chenye 'minyi' kwa 'mimi', 'njo' kwa 'ndiye' na 'ba' kwa 'wa', mpaka mkewe anakuja kututenganisha kwa chai. Nilipokuwa naondoka nyumbani baada ya likizo ya mwisho, pale stendi, ulisema kanisa halikunilea ili nikakae miguuni pa sheikh. Nilinyamaza kwa kuwa wewe ni baba yangu. Leo sinyamazi.

Ijumaa moja bomba la msikiti lilikuwa limekauka. Wakaleta pipa la maji, wakaliweka kiwanjani kando ya barabara. Kwa kuwa maji yalikuwa haba, Mzee alishika birika mwenyewe akawa anawamiminia wenzake mmoja baada ya mwingine, huku midomo yake ikitaja jina la Mungu. Askari wa serikali, wageni hapa mjini, wakapita na gari. Hebu fikiri walichoona: mzee ananong'ona na kuwamwagia maji wanaume waliojipanga mstari, tena watu wenye asili ya Maniema, ambako waasi wameshika nchi. Wakawabeba wote mpaka kambini. Mji mzima ukaambiwa kwamba watu wa dawa ya maji wamekamatwa, na sote tulijua watu hao wakikamatwa huwa hawapelekwi mahakamani.

Mke wa Mzee alinijia mbio, hana hata viatu.

"Pasta, weye njo unajua mambo yetu. Enda useme! Batabaua!"

Nikaenda. Niliogopa sana, Baba, sitakudanganya. Njia nzima nilikuwa nasali kwa sauti kama mlevi.

Komanda alikuwa mtu wa Bukama aliyesoma shule za misheni, na mezani kwake palikuwa na Biblia karibu na bastola. Nikamweleza udhu ni nini na kwa nini Mwislamu hasali bila huo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kusema, kila muntu anajua kusema," akaniambia. "Fanya, nione. Kisha naleta ule muzee, naye afanye. Kama haifanane, minyi niko na jibu yangu."

Likaletwa beseni uani. Nikanawa viganja, nikasukutua, nikavuta maji puani, nikanawa uso, nikanawa mikono mpaka viwiko, nikapaka kichwa maji, nikaosha miguu mpaka vifundoni. Najua Mama akifika hapa atashika kifua. Mwambie atulie: sikutia nia, na bila nia huko ni kunawa tu.

Ndipo wakamleta Mzee. Shavu lilikuwa limevimba na kofia hawakumrudishia. Hakuambiwa lolote ila anawe. Akafuata zilezile hatua zangu, taratibu, kama yuko kwake, mpaka alipotoka kichwani akatia vidole masikioni.

"Simama!" Komanda akainuka. "Pasta hakunawa masikiyo. Basi iko namna mbili."

Askari mmoja akaiweka bunduki yake sawa. Mzee akanigeukia mimi, si yule askari.

"Pasta! Uliacha masikiyo?"

Mtu mwenye akili angeomba radhi. Lakini mtoto wako unamjua.

"Masikio ni sunna, Mzee, si faradhi. Udhu wangu umetimia."

"Umetimia?" Akasahau kabisa alipo. "Umetimia namna gani, na weye uko mukristo, huna nia? Ile yako ni kuoga tu! Na muntu anaoga anaacha masikiyo?"

"Wewe mwenyewe ulinifundisha—"

"Minyi nilikufundisha kuacha?"

Komanda alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine. "Munabishana hivi siku zote?"

"Kila Alhamisi," tukajibu kwa pamoja.

Hapo akacheka, akakaa. "Kwa dawa ya mayi hakuna kubishana. Muntu moja anasema, bengine bananyamaza." Akawageukia askari wake. "Mubafungule bote."

Tulirudi mjini kwa miguu, wanaume wote wa msikiti, na mimi katikati yao. Wanawake wakapiga vigelegele kuanzia reli mpaka sokoni. Kanisani wapo waliouliza mchungaji alitafuta nini katika udhu wa Waislamu. Nikawajibu wakawaulize watoto waliowaona baba zao wakirudi. Nimekaa miguuni pa sheikh, Baba, nimesoma, na ninajivunia.

Nisalimie Mama, shangazi muuza viazi, dada yangu muuguzi, na wazee wa kwaya ambao bila shaka bado wanaimba polepole. Barua hii anaichukua mkwe wa Mzee anayekwenda Lubumbashi. Mzee mwenyewe amekaa hapa kunisubiri niimalize, kofia mpya kichwani, na hakubali niifunge bila maneno yake. Nayaandika kama anavyoyasema: "Ambia baba yako, mutoto wake alinawa mbele ya bunduki, na alirudi mukristo vile alikuya. Asanteni kwa kumuzaa. Lakini masikiyo, bamufundishe kwao, minyi nimeshindwa."

Mwanao,
Elia