Sahihi Yangu Kwenye Barua ya Wazazi

Nyumbani, ghorofa ya pili
14 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko? Kifua kimepona? Na wifi yangu anaendeleaje na kazi ya zamu? Sisi wazima wa mwili. Mengine nayaeleza hapa, na naomba usome mpaka mwisho.

Mwaka jana nilikuandikia jinsi mwanao Chiriku alivyochangamka. Mwalimu wa michezo shuleni kwao aliwakalisha watoto wote sakafuni ukumbini, wenye miguu mizima na wenye magongo kama yeye, wakacheza mpira wa wavu wamekaa. Akawa anakula bila kubembelezwa, analala fofofo, na kwa kelele zake majirani wakawa wanatugongea ukuta.

Mwezi wa tatu mwaka huu, kwenye michezo hiyo ya pamoja, mtoto mmoja asiyeona aligongana na mwenzake, akavunjika mkono. Wazazi tukaandika barua kutaka michezo hiyo isimamishwe. Nasema tukaandika, ndugu yangu, kwa sababu nami nilisaini. Niliogopa. Nilijiona nikikupigia simu kukuambia mwanao ameumia mikononi mwangu.

Michezo ikafutwa, mwalimu akaondoka. Siku hizi wenzake wakienda uwanjani, Chiriku anaachwa darasani kulinda mabegi. Amekonda. Mezani anajibu ndiyo na hapana tu.

Juzi nilikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba nifute sahihi yangu. Mama mwenye adabu zake. Alinisikiliza, kisha akafungua faili.

"Wazazi ishirini na sita, mama," akasema. "Na wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha."

Chiriku alikuwa ananisubiri kwenye benchi la nje. Mlango ulikuwa wazi.

Njia nzima alitembea mbele yangu. Tulipofika kwenye ngazi zetu niliinama nimbebe mgongoni, kama siku zote.

"Nitapanda mwenyewe, Shangazi."

Alipanda, gongo moja, mguu mmoja, akipumzika kila hatua. Nilimfuata nyuma nimenyoosha mikono, nisithubutu kumgusa.

Mpigie mwanao simu Jumapili. Usinitetee. Mimi nazunguka nyumba kwa nyumba kwa wale wazazi wengine, nikiwaomba nao wafute sahihi zao. Mpaka leo wanne wamenifungulia mlango, na mmoja tu ndiye aliyekubali.

Mama mkubwa anakusalimu, na fundi cherehani wa hapo chini pia. Mbusu wifi. Mungu awafunike huko mliko, na anisamehe mimi hapa nilipo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia.