Nilivyojipa Anga za Akinyi

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya leo imekaa mabegani kama mgeni asiyejua kuaga. Manyunyu tangu asubuhi, na nguo za majirani zimelala kwenye kamba zikiwa mbichi vile vile zilivyoanikwa jana. Kanisani sikwenda. Nilimwambia mke wangu, Mama Otis, mgongo unaniuma. Mgongo hauna kitu.

Nina aibu.

Nimeandika neno hilo nikakaa nikaliangalia. Nyinyi mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni mmenizoea kwa mengine. Mlisoma hapa vile nilichomelea geti la tajiri mmoja mtaa wa Baba Dogo, likawa zito mpaka wezi wakaja kuniomba niwafungulie. Mlisoma vile niliacha shule darasa la saba kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa na maswali. Mkacheka, nami nikanenepa. Leo sina cha kunenepesha mtu.

Ni mambo ya Akinyi.

Akinyi ni mtoto wa dada yangu. Alikuja kwetu hapa Kaloleni akiwa mdogo, dada alipopata kazi Mombasa, na sasa ni msichana mkubwa, anafunga biskuti kwenye kiwanda kimoja Baba Dogo. Wenzake wakitoka zamu wanalala. Yeye anafuta meza, anatandika gazeti, anatoa karatasi nyeusi nzito na kijibati cha rangi. Ni rangi za maji, lakini si zile za watoto wa shule. Zile za shule ukizipaka kwenye karatasi nyeusi zinazama, huoni kitu. Hizi zinameta, kama ule unga akina mama wanapaka juu ya macho siku ya harusi. Anachora usiku.

Lakini si usiku huu wetu. Kwa Akinyi mwezi umevaa ndara, na nyota zimebanwa kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, kutoka nyumba moja mpaka nyingine. Kuna picha moja mbuzi amelala juu ya wingu anacheua, na kila anachocheua kinakuwa kimulimuli. Ukiinamisha karatasi kidogo upande wa dirisha, anga yote inawaka. Ukiinyoosha, inazima. Mimi ni mtu wa kuchomelea, cheche ndizo chakula changu, na bado sijaona moto wenye adabu namna hiyo.

Shida ni kwamba hadithi ni zangu. Hiyo si chumvi, ulizeni Mama Otis. Akinyi akiwa mdogo hapa mtaani hapakuwa na nyota za kumwonyesha. Ile taa ndefu ya mulika mwizi ilishazifukuza zote. Kwa hivyo nilikuwa namtungia. Nilimwambia mwezi ulikamatwa na askari wa kanjo, wale wa jiji, kwa kuuza mwanga bila leseni, ukawekwa ndani, ndiyo maana kuna usiku hauonekani. Nilimwambia kwetu ushago, kule kijijini, nyota zinakaa chini sana, nyanya yangu alikuwa anaziangua kwa ule mti mrefu wa kuangulia maparachichi. Akinyi alikuwa anasikiliza mdomo wazi. Sikujua anaweka.

Basi moyo wangu ukaanza kufanya hesabu zake. Hadithi ni zangu, picha ni za hadithi, kwa hivyo picha ni za nani?

Wiki jana tulikuwa soko la Burma, kwenye bucha ya rafiki yangu Kamande, tunangoja nyama iive. Nikatoa simu nikawaonyesha picha. Kamande akafuta mikono kwanza, akaishika ile simu kama anapokea mtoto mchanga. Akauliza nani amechora.

Ningesema jina. Ni jina fupi.

"Mkono huu unaouona," nikamwambia.

"Wewe? Wewe wa mageti?"

"Geti ni la tumbo, Kamande. Hii ni ya roho."

Meza yote ikanyamaza, na mnajua Burma hakunyamazi. Ule ukimya ulikuwa mtamu kuliko nyama. Nikaongeza kwamba nachora nimefumba macho. Nikaongeza kwamba kuna Mzungu alilia akiona yule mbuzi, mpaka tukamletea maji.

Uongo wa Burma kwa kawaida huisha mifupa ikiisha. Huu ulitufuata nyumbani. Mke wa Kamande, Mama Shiru, ndiye huwashika watoto wa mtaa kila Jumamosi kwenye ukumbi wetu wa Kaloleni. Anawafundisha kufuma, kuimba, chochote cha kuwatoa barabarani. Kamande akamwambia. Ijumaa akanipigia.

"Baba Otis, kesho njoo uwaonyeshe watoto hizo anga zako. Nimeshawaambia."

Ningesema nina kazi. Nikasema, "Mama, hata usingepiga ningekuja."

Nilijiambia ni kazi ya nukta tu. Nimemwangalia Akinyi miezi na miezi, yeye upande ule wa meza, mimi upande huu na chai yangu, na mtu aliyeangalia hivyo ni kama amesoma. Jana asubuhi yeye akiwa zamu, nilivuta sanduku lake chini ya kitanda nikachukua kijibati, brashi na karatasi. Sikuuliza mtu. Nilijiambia nyumba ni yangu, na kitu kilicho ndani ya nyumba yangu...

Sentensi hiyo hata jana sikuimaliza.

Watoto walikuwa wamejaa. Nikaanza na hotuba, na hotuba ilienda vizuri, hiyo siwezi kuinyima haki yake. Ndipo ikabidi nishike brashi.

Zile rangi ni kavu, vipande kama sabuni ndogo za gesti. Akinyi huzidondoshea maji kwanza, tone tone, halafu anaenda kuosha vyombo. Siku zote nilidhani anaosha vyombo kwa sababu ana heshima. Kumbe anangoja rangi ilainike. Mimi nilisugua kavu kavu kama mtu anayetoa kutu, brashi ikaanza kunyonyoka. Nikamwaga maji mengi, nikapaka. Karatasi ikaonyesha kitu cha kijivu, kama maji yaliyooshea sufuria. Nikadhani rangi imekataa. Nikaongeza. Nikachovya brashi yenye bluu ndani ya fedha, yenye fedha ndani ya dhahabu. Dhahabu Akinyi huigusa kwa ncha tu, tena kwa mwezi peke yake, kwa sababu huku kwetu haiuzwi, alitumiwa na rafiki yake. Mimi nilichimba mpaka nikaona bati.

Nilichokuwa sijui ni kwamba rangi hizi zikiwa mbichi hazisemi kitu. Zinang'aa zikikauka. Unapaka kidogo, unangoja, unapaka tena. Na mimi kungoja sikujaliwa, hata kungoja mtu amalize anachosema. Nikainua karatasi juu watoto waone, maji bado yanatembea. Anga yote ikashuka. Ikanipita kiganjani, ikaingia ndani ya mkono wa shati.

Msichana mmoja mdogo wa mbele akainamisha kichwa akasema, "Anko, nyota zako zinaharisha."

Wakacheka mpaka wengine wakalala chini. Ningecheka nao yangekwisha. Nikasema rangi ni feki. Nikasema kuna mtu ameniuzia takataka.

Nikageuka, Akinyi amesimama mlangoni.

Zamu yao ilifungwa mapema. Alikuta sanduku lake liko wazi, Mama Otis akamwambia nimeelekea ukumbini na kitu kwapani. Alikuwa bado na neti ya kiwanda kichwani. Akaangalia karatasi, akaangalia kijibati. Mama Shiru akamgeukia kwa upole, "Karibu, mami. Wewe ni nani?"

Nikajibu kabla hajafungua mdomo.

"Huyu? Huyu ni msaidizi wangu tu. Hunibebea maji."

Nimejaribu kuandika kwamba sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nimefuta. Najua yalikotoka.

Akinyi akaja mpaka mezani. Angenitukana ningejua pa kushika. Akasema, "Keti Anko, umechoka. Wacha nikusaidie."

Nikaketi. Kile kiti ni cha watoto, magoti yalinifika kidevuni.

Akafuta tope kwenye kijibati alivyoweza, akadondosha maji. Wakati rangi inalainika akawauliza watoto mwezi hufanya nini ukitoka kazini. Mmoja akasema huosha miguu. "Basi mchore beseni," Akinyi akamwambia. Mwingine akasema huenda kununua mandazi. Akawaonyesha vile rangi hupakwa nyepesi na kuachwa ikauke, vile ukigonga brashi kwenye kidole nyota zinaruka zenyewe na kwenda zinakotaka. Wakingoja zikauke akawahadithia ule mwezi uliokamatwa na kanjo.

"Hii nilipewa na Anko wangu huyu," akasema, na akanielekezea mkono.

Pale nilitaka sakafu inimeze. Mimi nimemnyang'anya chake chote, yeye ananirudishia changu mbele za watu.

Karatasi zilipokauka akawaambia waziinamishe upande wa dirisha. Mwezi ndani ya beseni ukawaka. Mandazi yakawaka. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema tu, "Woi," polepole.

Mama Shiru akaja akanishika mkono mimi. "Mwalimu anajulikana kwa mwanafunzi wake. Jumamosi zote ni zako, Baba Otis. Na picha zako tutazitundika hapa ukutani, na jina lako chini."

Akinyi alikuwa hatua chache anasuuza brashi. Mimi najua, Mama Otis aliniambia zamani, kwamba huyu mtoto akipewa watoto wa kufundisha na ukuta mmoja wa kutundika, hataomba kingine. Niliitikia kwa kichwa. Hiki hiki.

Sasa, kwetu mzee haombi mtoto msamaha. Ananunua nyama. Baba yangu aliwahi kunichapa kwa kosa la ndugu yangu, na kesho yake nikaona paja la kuku kwenye sahani yangu, nikajua kesi imefungwa. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hivyo jana jioni nilipitia kwa Kamande, nikabeba mbavu zilizoiva vizuri na kachumbari, nikamwekea Akinyi mbele.

"Kula, mama."

"Asante Anko, nimeshiba."

Akaisukuma sahani upande wa Otis. Yeye akaendelea na kijibati, anatoa tope kwenye dhahabu kwa kijiti cha meno.

Leo mchana sikuweza tena. Nilitoka na ule mgongo wangu wa uongo mpaka Burma, nikawakuta Kamande na Mama Shiru ndio wametoka kanisani. Nikasema yote, nikiwa nimesimama. Kamande akaanza kucheka kabla sijafika katikati.

"Huyu jamaa sasa anatunga mpaka toba."

Hiyo nimeistahili. Mtu akidanganya kwa ufundi miaka yote, ukweli wake nao unaonekana una ufundi.

Mama Shiru hakucheka. "Na msichana umemwambia nini?"

Nikamwambia nimemnunulia nyama.

"Nyama yetu?" akauliza. "Umemnyima jina mbele ya watoto, Baba Otis, ukampa ubavu."

Mama Shiru akasema kiti cha Jumamosi ni cha Akinyi kama atakitaka, na kwamba kumwambia ni kazi yangu mimi, si yake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, manyunyu yakinipiga usoni, nikijaribu kupanga maneno. Mimi, ambaye maneno hunijia bila kuitwa. Kwa Kijaluo yalikuwa mazito, hayanyanyuki. Nikasema kwa Kiswahili, kofia mkononi, nikiwa nimesimama mbele ya mtoto niliyemnawisha pua.

"Akinyi, nimekukosea. Nisamehe."

Mama Otis aliacha kusonga ugali.

Akinyi akaweka kijiti chini. "Rangi ni rangi, Anko. Ile ya kubeba maji ndiyo iliniuma."

"Najua."

"Watoto walisikia."

"Najua."

Nikamwambia habari ya Jumamosi, na ukuta, na kwamba jina chini ya picha litakuwa lake. Aliuliza kama Mama Shiru anajua kila kitu, nikasema nimemwambia kila kitu. Akafikiri. Akasema ataenda. Nilifurahi mpaka mdomo ukatangulia tena, nikamuuliza nikae wapi, nyuma au kando, maana naweza kuwa nawahadithia watoto wakati rangi inakauka.

"Hapana, Anko. Jumamosi hii ukae nyumbani."

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anasema chai haina sukari.

Nimekubali. Na ninaandika haya hapa, kwenye ukurasa ambao ni yeye aliyenifungulia, ili nyinyi wa Burma mliokuwa kwenye ile meza msome. Kila picha niliyowaonyesha ni ya Akinyi. Hakuna Mzungu aliyelia. Msipoamini, nendeni ukumbini Jumamosi mkaone ni nani ameshika brashi, lakini msiniulize mimi.

Kutoka kwa dirisha letu mpaka ukumbini si mbali. Watoto wakicheka nitawasikia, na hadithi ikisimuliwa sitajua ni ipi. Nitakaa hapa na huu mdomo. Sijui nitaweza kuufunga siku nzima bila mtu wa kuniangalia?