Mkiwa Amepotea

Jumatatu, 4 Machi

Mkiwa hayupo. Barua pepe imeingia asubuhi, mistari minne tu. Wenye darubini kubwa wameangalia pale pale tulipowaambia, hawakuona kitu. Nyota za nyuma zote zipo. Nukta yetu hapana. Wametubakishia usiku mmoja, wa Jumamosi. Baada ya hapo ataingia kwenye mwanga wa jua, na foleni ya darubini ile ni ndefu. Akipotea kapotea.

Profesa kaisoma mara mbili, kavua miwani, kaiweka mezani. Heri angefoka.

Miezi mitatu nimetembea kifua mbele. Nukta tatu, nilizoziona mimi kwa macho yangu haya, kwenye picha za siku tatu za Desemba. Donge la barafu, mbali kuliko yote tuliyowahi kuyapima hapa. Jua huko ni nukta tu, inayong'aa kuliko nyota zote, na mwaka mmoja wa huko ni zaidi ya karne tano za kwetu. Jina la Mkiwa nililitoa mimi. Wenzangu nao wakanipa langu: Mama Doa. Mama kakata picha yangu gazetini kaibandika kwenye friji, na kila mgeni anayeomba maji lazima aione.

Sasa doa lenyewe liko wapi?

Jumanne, 5 Machi

Profesa kapata wa kumbebesha lawama.

Picha mbili za kwanza hazina neno. Ya tatu ilipigwa na Babu Lenzi, fundi wetu wa darubini, aliyemshikia zamu mwenzake mgonjwa. Wiki ile saa ya kompyuta ilikuwa mbovu. Kwa hiyo saa ya kila picha iliandikwa kwa mkono daftarini, nami nikazichapa kwenye jedwali. 02:40, 02:45, 02:50. Zimepangana vizuri. Tatizo ni mlinzi wa geti. Anasema siku ile Babu Lenzi aliondoka kabla ya saa sita usiku, na kitabu chake cha geti kinasema hivyo hivyo. Basi hiyo 02:50 kaitoa wapi? Profesa anasema kaitunga. Barua ya kujieleza, kikao Ijumaa saa kumi jioni. Kabakiza miezi minne astaafu!

Nimemkuta stoo anafuta vioo kama kawaida yake. Kasema, mwanangu, miaka thelathini na moja, sijawahi kuandika uongo kwenye daftari lile. Nikasema najua, Babu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, tangu namna ya kushika lenzi bila kuacha alama ya kidole.

Ila kuna kitu kinaniwasha tangu Desemba. Kutoka nukta ya kwanza kwenda ya pili, hatua ndefu. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, fupi. Nilimwonyesha Profesa. Akasema ni hewa ilitikisika, tuchukue wastani. Wastani ndio ulioonyesha Mkiwa anatambaa polepole, na cha polepole ndicho cha mbali. Tulishangilia.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbovu. Nimempeleka Mama kliniki ya macho. Kadi imeandikwa 3:00, nikaomba ruhusa, tukafika kumi na tano kamili. Yaani saa tisa. Karani wa mapokezi kaiangalia kadi, kaniangalia mimi. Dada, saa tatu ni saa tatu. Daktari alikuwepo asubuhi, kashaondoka.

Mama hakunisema pale. Kaningoja mpaka nje. "Nilikwambia saa tatu, ukasema nimesikia vibaya. Siku hizi hata saa unazo za kwako."

Nikacheka. Halafu nikasimama ghafla katikati ya watu. Mama akaniuliza kama ninaumwa.

Saa 2:50. Usiku.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefika ofisini wa kwanza. Daftari liko kwenye droo yangu, sikuwahi kulirudisha. Jalada la bluu, kona zimeliwa. Ukurasa wa picha ya tatu, mwandiko wa Babu Lenzi, herufi zimelala: "Saa 2:50 usiku. Mawingu yanakuja, nimepiga mapema."

Mapema! Neno hilo nililisoma Desemba. Nakumbuka nililisoma.

Saa mbili na dakika hamsini usiku. Kwa kompyuta, 20:50. Kila mtoto aliyejifunza saa nyumbani angejua. Mimi nikachapa 02:50, kwa sababu juu yake kulikuwa na 02:40 na 02:45, na waliopiga picha hizo mbili huandika kwa mtindo wa kompyuta. Mwaka wangu wa kwanza chuoni niliandika saa za nyumbani kwenye ripoti, darasa zima likanicheka. Nikaapa sitarudia. Nimeapa mpaka nimepitiliza.

Saa sita nzima. Nimempa Mkiwa saa sita ambazo hakuzitembea.

Nimepiga hesabu upya, mara tatu. Hatua zote mbili zimekaa sawa, hazina kosa. Mkiwa ana mwendo zaidi ya tulivyodhani, kwa hiyo yuko karibu zaidi. Si wa mbali kuliko wote. Ni donge la kawaida, yako mengi ya namna yake. Na leo yuko upande mwingine kabisa wa pale wanapomtafuta.

Nikiwapa mahali papya kabla ya Jumamosi, watamwona. Babu Lenzi atakuwa mkweli, kama alivyo. Mimi nitakuwa mtu aliyeitangazia dunia umbali wa uongo. Ajira yangu ya kudumu iko mezani kwa Profesa, haijasainiwa. Na ile picha ya kwenye friji.

Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Daftari ninalo mimi.

Nimeliweka kwenye mkoba. Sijui nimeliweka ili nilipeleke au ili nilifiche. Naona aibu hata kuiandika sentensi hiyo.

Ijumaa, 8 Machi

Tumepewa mapumziko ya dakika kumi. Naandika kwenye benchi la koridoni, mkoba mapajani.

Sikusema kitu. Dakika arobaini na tano nzima.

Profesa kamsogezea Babu Lenzi jedwali langu, kaweka kidole kwenye mstari wa tatu. Hii saa ni ya kwako? Babu Lenzi kavaa miwani, kainama. "Ndiyo. Mbili na hamsini. Ni yangu hiyo."

"Na ulitoka getini saa ngapi?"

"Saa tano na kitu."

"Kabla ya hiyo picha?"

"Baada yake, Profesa. Ningepigaje picha nikiwa nyumbani?"

Watu wakaangaliana. Katibu kaandika kwamba amekiri. Profesa kaona mzee anamfanyia mzaha, Babu Lenzi kaona anaulizwa maswali ya kitoto. Chumba kizima mimi peke yangu ndimi niliyewaelewa wote wawili. Nimekaa nimeshika kalamu.

Babu Lenzi katoka, kaja kukaa hapa hapa pembeni yangu. Mikono kaificha katikati ya magoti. Ananiuliza, nimekosea wapi, mwanangu, hebu niambie wewe uliyesoma. Najifanya naandika. Naandika kweli.

Kauliza tena, saa ngapi sasa, wasije wakatuita. Nimeangalia saa ya ukutani: 16:52. Nimemwambia saa kumi na dakika hamsini na mbili. Imetoka yenyewe, bila kufikiri.

Kashukuru. Sasa haniangalii mimi. Anaangalia mkoba wangu, zipu haikufungika vizuri, kona ya bluu imejitokeza.

"Hilo si daftari langu?"