Neno Moja Chini ya Boneti

Bonga, Babati
12 Desemba

Mpendwa dada Kandida,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Simanjiro, na kwamba zahanati yenu imeshapata maji. Sisi hapa tunaendelea. Goti la Mama limepungua maumivu tangu alipoanza zile dawa ulizomtumia, na Baba ni mzima wa mwili. Jua la mwezi huu ni kali mno, hata kuku wanashinda chini ya magari pale gereji kwa Baba.

Nimeandika badala ya kukupigia kwa sababu simu ya Mama hupigiwa sebuleni, na unajua mimi sauti hunikwama watu wakisikiliza. Kabla ya habari nyingine, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: gari la Bwana Valence nimeliharibu mimi. Aliyeadhibiwa ni mjomba Bushiri.

Bwana Valence ni mpimaji wa ardhi aliyehamia Maisaka mwaka huu. Ana gari la umeme, lisilotumia petroli kabisa. Lilipopita hapa barabarani mara ya kwanza, Baba aliacha kula akasimama kulitazama. Basi mwezi uliopita Bwana Valence akalileta gereji, akasema AC imekufa na yeye anapikwa humo ndani kama kande. Akiteremsha vioo anaingiliwa na vumbi, akipandisha anaoga jasho. Akauliza kama kuna fundi Babati nzima anayeweza. Baba akamjibu kwamba AC ni AC, hata ingefungwa kwenye mkokoteni.

Na kweli Baba aliupata ugonjwa siku ileile. Jiwe la barabarani lilikuwa limetoboa rejeta ndogo ya AC kule mbele, gesi yote ikatoka, na mafuta ya kompresa yakatoka pamoja nayo. Tundu likazibwa. Likabaki suala la kutia mafuta na gesi mpya.

Hapo ndipo mjomba Bushiri alipoweka neno. Wewe unamjua, lakini sijui kama unajua kwamba ametimiza miaka kumi na sita sasa akifanya kazi na Baba kwenye mambo ya umeme. Ndiye aliyechomoa kizibo cha usalama, kile kinachokata umeme wa betri kubwa, na kutukataza sote kugusa zile nyaya nene za rangi ya chungwa. Akasema kompresa ya gari hili haizungushwi na mkanda kama za magari mengine, ina mota ya umeme ndani yake, na mafuta yanapita palepale penye umeme. Kwa hiyo mafuta yetu ya kila siku yanaweza kuuvujisha umeme, na gari likihisi umeme unavuja hujifunga lenyewe lisije likaua mtu. Alisema amesikia magari haya yanatumia mafuta yanayoitwa esta, tuyaagize Arusha, yatafika na basi kesho yake.

Baba hakupenda kuambiwa hivyo mbele ya mteja. Akasema hakuna haja ya kubahatisha, maelekezo yamebandikwa chini ya boneti, na msomaji yupo. Akaniita. Nilikuwa nimewaletea chai. Dada, tangu nipate A ya Kiingereza kwenye mtihani wa moko, ule wa majaribio, Baba amemwambia kila mwenye gari aliyepita Bonga. Bwana Valence mwenyewe angeweza kusoma, lakini alikuwa pembeni na simu, akigombana na mtu kuhusu mipaka ya kiwanja.

Kibandiko kilikuwa na mistari mingi, na huo mstari wa mafuta ulikuwa mfupi. Maneno yake nayakumbuka kama namba yangu ya mtihani: "Use nothing but ester oil." Kila neno nililijua. "Nothing" ni hakuna kitu. "But" ni lakini, tumeimba hivyo tangu shule ya msingi. Nikayapanga kichwani: usitumie kitu, lakini mafuta ya esta. Haikuleta maana. Nikarudia, bado. Nilitaka kusema sielewi, ila Baba alikuwa ameniinamia na kopo la mafuta mkononi, akasema, "Mama, usitusomee risala. Inasema tuyatie hayo ya esta au tusiyatie?"

Mimi nikaliona lile neno la kukataza lilivyo mbele. Nikasema, "Tusiyatie."

Baba alicheka mpaka akashika boneti. Akamwambia mjomba Bushiri, "Umesikia, profesa? Hiyo uliyotaka tuiagize ndiyo iliyokatazwa! Ungetuulia mteja." Mjomba alinitazama, si kwa hasira, akaniuliza taratibu kama nina uhakika. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema sawa, aliyesoma kasoma.

Wakatia mafuta yetu, wakatia gesi. Baridi ilitoka nzuri kabisa, Bwana Valence akashukuru mpaka akatununulia soda. Siku ya nne gari likagoma kuwaka. Taa nyekundu kwenye dashibodi, basi. Lilirudishwa gereji likivutwa na trekta la kulimia, likapitishwa sokoni mchana kweupe. Bodaboda walikuwa wanapiga kelele, "Limeishiwa Luku! Mnunulieni uniti!" Bwana Valence alikuwa ndani ameshika usukani, anatazama mbele tu.

Baba alihangaika nalo siku sita. Alipima betri ndogo, akabadilisha fyuzi, akafungua na kufunga viunganishi mpaka akakosa cha kufungua. Nilimwona amekaa kwenye tairi, amelishika lile kopo la mafuta, anaiuliza hewa kosa liko wapi. Sijawahi kumwona Baba hajui. Mwisho akasema kosa ni la nyaya, na aliyegusa nyaya ni mmoja. Akamwambia mjomba Bushiri kwamba alikirudisha kizibo vibaya, kwamba miaka kumi na sita si cheti, asije tena mpaka aitwe. Mjomba alijitetea mara moja tu. Alisema wayatazame mafuta kwanza. Baba akamjibu kwamba mafuta yalithibitishwa na kibandiko.

Mimi nilikuwa mlangoni, dada. Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua.

Jumapili baada ya ibada nikachukua ile kamusi uliyoniachia, nikatafuta "but". "Lakini" ndiyo maana ya kwanza. Nikateremka na kidole mpaka chini, ikawepo: isipokuwa. Usitumie chochote isipokuwa mafuta ya esta. Nilifunga kamusi nikaifungua tena, kama vile inaweza ikabadilika.

Nikaenda kwa mjomba, kule Maisaka, jioni hiyohiyo ili nikamwambie yeye kwanza. Mke wake alinipokea vizuri mno, akaniwekea uji, akaniuliza habari za matokeo. Mjomba alikuwa anatengeneza pasi ya jirani. Aliponiona alifurahi, akasema Mungu amenileta, kwa kuwa kuna kazi ya mwandiko mzuri. Akatoa karatasi na kalamu. Alitaka nimwandikie Baba barua ya kuomba radhi.

Nilimuuliza kama kweli alikosea. Akasema, "Mwanangu, kwenye gereji ya mtu, kosa ni la yule anayeambiwa ni lake. Watoto wanataka kula. Andika nilikosea kwenye nyaya." Akawa anasema, mimi naandika. Kila alipotulia kutafuta neno, nilijiambia sasa ndiyo nitamwambia. Akatia sahihi. Mke wake akasema mwandiko wangu kama wa kitabu.

Dada, niliipeleka kwa mkono wangu. Baba aliisoma kwa sauti wakati wa chakula, akasema angalau ni muungwana. Amemrudisha kazini, lakini haruhusiwi kufungua boneti. Anatengeneza honi na taa za nyuma. Vijana waliomkuta pale juzijuzi wanamwita Fundi Honi, naye anaitika.

Sasa sikia linaloninyima usingizi. Alhamisi gari linapakiwa kwenye lori kwenda kwa wataalamu wa magari ya umeme Arusha. Watafungua kompresa, watayaona mafuta, na wataandika ripoti. Bwana Valence ameshaambiwa ripoti zao huwa za Kiingereza. Ameahidi atamwachia Baba nakala, maana naye anataka kujua alikosewa na nani. Jana Baba akanishika bega mbele yake, mjomba Bushiri akisikia, akasema hilo si tatizo, Joyness atatusomea.

Nimeanza kuipanga hiyo ripoti kichwani kabla haijaandikwa. Wakiandika mafuta, nimeshajua nitatamka nini badala yake. Nyaya zinatosha. Mjomba ameshakiri kwa maandishi, tena yangu, na hakuna atakayeshangaa. Mara ya kwanza nilisoma vibaya kwa kutojua. Hii nitakuwa nimeelewa kila neno. Hilo ndilo ninaloogopa, kwamba nimeona ni jepesi. Asubuhi najiambia nitaisoma kama ilivyo, na jioni nikimsikia Baba akinisifu kwa mteja najua sitaweza.

Sikuombi uje, najua huna likizo. Nisalimie shemeji, na umbusu mtoto mashavu yote mawili kwa niaba yangu. Mama anasema uvae kitu cha joto asubuhi unapokwenda kazini, na Baba anauliza kama ile redio bado inashika.

Barua hii usimsomee mtu, hata shemeji. Mama akikupigia akisema nimekonda na siongei, usimkatalie anachofikiri. Hapa nyumbani wote wanadhani ninaogopa matokeo ya mtihani. Waache wadhani hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Joyness