Miguu ya Kiti Chini ya Injini

Nyumbani, 4 Mei

Baba Watoto,

Unaamkaje huko kwenye mawe? Mgongo je? Usinijibu "mzima" kama unavyomjibu msimamizi wako. Sisi huku tupo, watoto wanakua, mama yako ananisema kila siku, kwa hiyo naye ana afya.

Mgonjwa ni Kikohozi, gari letu. Kila nikiegesha pikapu hii, asubuhi nakuta oili imetengeneza dimbwi uani. Fundi Kelele wa pale kona aliingia chini yake, akatoka anatikisa kichwa kama ametoka kutazama maiti. Anasema sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, limetoboka kwa kutu, na halitoki mpaka injini yote ing'olewe. Winchi ya kuinulia injini hana, mahali pa kuiweka hana. Maneno anayo.

Bila gari hakuna maji ya kuuza mtaani. Mapipa yamekaa yananitazama.

Ulisema mkataba wako unaisha Juni. Unarudi, au utabembelezwa tena kama mwaka jana? Nijibu hilo kwanza, la sampu baadaye.

Mkeo,
Mama Watoto

*

Kambini, 19 Mei

Mke wangu,

Nimekusalimu wewe, na watoto, na mama, na Kikohozi. Mgongo wangu sasa una tabia zake: asubuhi mimi naamka, wenyewe unabaki kitandani. Tunapasua mawe, tunayapakia, tunalala. Simu bado hazishiki, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la kokoto kama kawaida.

Mwambie Fundi Kelele kwamba ile injini nimeifungua mara nyingi kuliko alivyofunga mdomo wake. Sampu inatoka injini ikiwa humo humo. Mwaga oili yote. Fungua bolti za maunti, zile raba mbili zinazobeba injini kulia na kushoto. Weka jeki chini ya gia boksi, pale inapoungana na injini, na ubao katikati. Usiiweke chini ya sampu, itabonyea kama sufuria. Nyanyua kiasi cha ngumi moja, tazama feni isile rejeta, kisha chomeka kipande cha mbao ngumu kila upande, injini ikae hapo. Sampu itapata nafasi ya kupita.

Lakini usiguse. Hiyo ni kazi yangu, nitakuja kuifanya. Nilisema Juni, ni Juni.

Mumeo,
Baba Watoto

*

Nyumbani, 2 Juni

Baba Watoto,

Shikamoo ya mgongo wako. Sisi wazima, ila mimi nanuka oili hata kwenye nywele.

Nimegusa. Mtu hampi mwenzake ufunguo kisha akamkataza mlango. Binti yako alishika tochi, na mama yako alikaa barazani anasema, "Mkwe wangu, utatoka huko umevaa injini." Nikamjibu, "Mama, afadhali niivae, mwanao kaniacha bila nguo mpya." Alicheka mpaka akakohoa.

Mbao ngumu sikupata. Zote za hapa ni laini, zilipasuka kwa uzito. Basi nikakata miguu ya kiti chako, kile cha barazani ambacho hakuna anayekikalia. Mti ule ni chuma. Injini imetulia juu yake kama mfalme.

Ila sampu haitoki. Upande wa mbele umeshuka, wa nyuma umeng'ang'ania. Nimevuta, nimetukana, nimesali. Nifanyeje?

Mkeo mwenye masizi,
Mama Watoto

*

Kambini, 20 Juni

Mke wangu,

Salamu, na pole ya mikono. Barua yako niliwasomea wenzangu bwenini, wakacheka hadi mpishi akaja kuuliza nani kafa.

Nyuma kabisa, jirani na gia boksi, iko bolti moja imejificha kwenye tope la oili. Wenzake ni spana ya kumi, hiyo ni ya kumi na mbili. Ya asili ilipotea, nikaweka niliyokuwa nayo. Itoe. Kisha zungusha puli ya mbele, lile gurudumu la mkanda, taratibu kwa spana, mpaka vile vyuma vizito vya ndani viende juu. Sampu itakupa njia.

Sasa la Juni. Msimamizi ameniletea mkataba wa mwaka mwingine. Uko chini ya mto wangu, sijatia sahihi. Nitakwambia bila kupaka rangi: Kikohozi ndiyo kazi niliyokuwa naifikiria kila nikishika nyundo. Mwanamume mwenye mgongo kama huu akirudi kwake asikute kazi, anakuwa mgeni wa kupishwa kiti. Na sasa gari unatengeneza wewe. Kiti chenyewe umekikata miguu.

Nakupenda lakini.

Mumeo

*

Nyumbani, 5 Julai

Mume wangu,

Leo sikuulizi hali, nimeshaisoma.

Imetoka. Ile bolti yako nusura initoe roho, lakini imetoka. Tundu limechomelewa, gasketi mpya ya kuzuia oili ipo, sampu imerudi mahali pake. Fundi Kelele alikuja akatazama, akanyamaza. Majirani walidhani anaumwa.

Sikiliza vizuri. Injini sijaishusha. Bado imekalia miguu ya kiti chako, na bolti mbili za maunti nimeziweka kwenye kikombe dirishani. Maji nasukuma kwa mkokoteni, mtaa unalalamika, mama yako ananiita kichwa kigumu. Kuzikaza naweza, na unajua naweza. Sizikazi.

Sikuiti kwa sababu gari limenishinda. Nakuita kwa sababu nimechoka kuongea na wewe kwa kalamu.

Ukitia sahihi, niambie tu. Nitazikaza siku hiyo hiyo, na hicho kiti nitakifanya kuni za kupikia.

Mkeo

*

Njiani, 23 Julai

Mke wangu,

Mwandiko unaruka, barabara ina mashimo. Msimamizi nimemrudishia karatasi yake nyeupe vile vile. Akaniuliza, "Mzee, nyumbani una kazi gani?" Nikamwambia, bolti mbili.

Barua hii dereva haibebi. Nimekaa ubavuni pake, nitaileta mwenyewe. Nikikukabidhi, isome polepole. Mimi nitakuwa nimeshaingia chini ya gari. Wewe niletee kikombe.

Kiti usihangaike nacho. Tutakaa wote kwenye mkeka.

Mumeo